Chokoleti ya kuchovya inapokugomea: dalili, chanzo na tiba kwa jiko la joto

Ikifika katikati ya Desemba, simu yangu hujaa picha. Bakuli la chokoleti iliyokakamaa kama udongo wa mfinyanzi. Trei ya tende zenye mabaka meupe, na chini yake ujumbe: "Shoga, hii imeota ukungu au?" Boksi la zawadi lililofika Morogoro likiwa bonge moja. Nimekuwa nikichovya tende, korosho, biskuti na ndizi kavu kwa ajili ya Krismasi na Idi kwa miaka kadhaa, hapa hapa Dar es Salaam, kwenye jiko lisilo na kiyoyozi, na karibu kila kosa ninaloletewa nimeshalifanya mwenyewe.

Kabla ya dalili, kuna jambo moja linaloeleza nusu ya matatizo yote. Maelekezo mengi ya chokoleti yameandikwa na watu ambao Desemba yao ni ya baridi. Wakikuambia "iache igande kwenye joto la chumba", wao wanawaza chumba cha nyuzi 18 hadi 20. Jiko langu saa nane mchana lina nyuzi 31 au 32, na siagi ya kakao, yaani yale mafuta yanayoifanya chokoleti iwe chokoleti, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Kwa hiyo nachovya kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na jua likianza kupiga dirishani nafunga kazi. Aliyeko Njombe au Lushoto anaweza kuruka nusu ya maonyo haya.

Pia geuza pakiti usome viambato. Ikiandikwa siagi ya kakao, hiyo ni chokoleti halisi. Yakitajwa mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea mahali pake, hiyo ni kompaundi. Kompaundi ni rahisi: unayeyusha, unachovya, inaganda. Chokoleti halisi ina ladha bora na ina masharti yake. Sikucheki ukichagua kompaundi kwa zawadi za watoto. Mimi mwenyewe hufanya hivyo. Ila jua unachotumia, maana tiba zinatofautiana.

Imekakamaa ghafla na kuwa mabonge

Hili ndilo linaloongoza. Ilikuwa inateleza vizuri, ukageuka kuchukua uma, ukarudi ukakuta tope kavu lenye chengachenga.

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi ndicho, ni maji. Ndani ya chokoleti mna sukari na unga wa kakao, vyote vikavu kabisa, vinavyoelea kwenye mafuta. Matone machache ya maji yanatosha kuilowesha sukari ikaanza kushikana. Anza kukagua vitu vidogo. Je, mwiko ni wa mbao na ulioshwa asubuhi? Mbao hunyonya maji na kuyatoa taratibu. Bakuli ulilipangusa kwa kitambaa kilichokuwa na unyevu? Tende uliziosha? Kisha angalia mvuke: bakuli likiwa dogo kuliko mdomo wa sufuria, mvuke unapanda pembeni na kuangukia ndani. Chukua bakuli pana linaloziba mdomo wote, na kitako chake kisiguse maji.

Chanzo cha pili ni kitu ulichoongeza ukidhani unaboresha: vanila ya maji, rangi ya maji ya keki, kijiko cha maziwa. Rangi ya chokoleti lazima iwe ya mafuta au ya unga.

Cha tatu ni kuungua. Hapa harufu itakuambia kabla ya macho. Chokoleti nyeupe na ya maziwa huungua upesi kuliko nyeusi. Nyeupe ikipita nyuzi 46 hivi imeanza kuharibika. Jiko la mkaa ni hatari zaidi kwa sababu huwezi kulipunguza kwa kuzungusha kitufe. Njia yangu: nachemsha maji kidogo, naiepua sufuria kabisa, ndipo naweka bakuli juu yake. Mvuke uliobaki unatosha kuyeyusha gramu 300. Kwa maikrowevu, weka nguvu nusu, sekunde 20 au 30 kila mara, na utoe ukoroge hata kama kwa macho bado ni vipande.

Tiba ya iliyokakamaa kwa maji inashangaza watu: ongeza maji. Mimina maji ya moto au maziwa ya moto, kijiko kimoja kimoja, ukikoroga kwa nguvu, mpaka ilegee na kung'aa. Itarudi kuwa laini, lakini haitachovyeka tena, kwa sababu haitaganda. Ni mchuzi wa kumwagia keki au wa kuchanganya na maziwa ya watoto. Mwaka mmoja niliharibu gramu 400 usiku wa tarehe 23 kwa sababu ya mwiko wa mbao, na familia yetu ikanywa maziwa ya chokoleti hadi mwaka mpya. Iliyoungua haina tiba, tupa.

Onyo la hapa ni la mvuke. Bakuli la chuma lililokaa juu ya maji yanayochemka huunguza mkono vibaya. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Malengelenge yakitokea usoni, kwenye viganja, au aliyeungua akiwa mtoto, acha chokoleti iungue na muende hospitali. Na kama unatumia gesi ukasikia harufu yake, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, mpigie fundi wa gesi. Usijaribu kukaza mpira mwenyewe ili umalizie trei ya mwisho.

Haigandi, au inaganda lakini inalegea mara tu ukiishika

Kwanza angalia ukuta, yaani kipimajoto cha chumba. Kikisoma zaidi ya 28, usitafute kosa lingine bado. Chumba cha nyuzi 31 hakiwezi kuishusha chokoleti hadi nyuzi 28, hata ukikoroga mpaka kesho. Hamia chumba chenye kiyoyozi, au subiri alfajiri.

Kama chumba ni kizuri na umetumia chokoleti halisi, basi hukuipoza kwa hatua, kazi ambayo waoka keki wengi mjini huiita kutempa. Mafuta ya kakao yanaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na ni moja tu linalotupa ganda linalong'aa, linalokatika kwa mlio na lisiloshika vidoleni. Ukiyeyusha na kuacha tu, unapata mchanganyiko wa yale dhaifu, na mengine yao huyeyuka chini ya joto la mchana wa kawaida wa Dar.

Nitaeleza ninavyofanya na gramu 300 za nyeusi. Nakatakata zote. Naweka gramu 200 kwenye bakuli juu ya mvuke hadi kipimajoto kisome 45. Naepua, napangusa kitako cha bakuli mpaka kikauke, ndipo natia zile 100 zilizobaki, kidogo kidogo, nikikoroga. Hizi 100 ndizo mbegu: tayari zina umbo zuri, na zinaifundisha iliyoyeyuka ijengeke vipi. Kwa hiyo lazima ziwe zimetoka kwenye kipande kinachong'aa. Mbegu yenye mabaka haifai. Kwenye miji yenye baridi, kazi ya kupoza huishia hapo. Huku kwetu natandika taulo lenye maji na vipande vichache vya barafu kwenye beseni, nagusisha kitako cha bakuli sekunde tano, naondoa, nakoroga, narudia, na kila mara napangusa. Ikifika 28 inakuwa nzito na inaanza kushika pembeni. Naipitisha juu ya mvuke kwa sekunde chache tu hadi 31 au 32. Hapo ndipo pa kuchovyea. Ikipita 34 umezifuta mbegu zote, anza upya. Hakuna kilichoharibika isipokuwa muda wako. Ya maziwa inashuka hadi 27 na kuchovywa kwenye 29 au 30. Nyeupe inashuka hadi 26 na kuchovywa kwenye 28 hivi.

Jaribu kabla ya kuchovya tende 60. Chovya ncha ya kisu, iweke friji dakika tatu. Ikitoka kavu, yenye kung'aa, endelea. Ikitoka na michirizi au ikishika kidole, rudi kwenye mbegu.

Zimebaki sababu mbili zisizo za kawaida sana. Moja, uliongeza mafuta ya kupikia ili iteleze. Kijiko cha chai kwa gramu 200 kinavumilika. Zaidi ya hapo unatengeneza kitu kisichoganda kwenye hali hii ya hewa. Siagi ya mkate usiitie kabisa, ina maji. Ya pili, ulichanganya kompaundi na chokoleti halisi ili kupunguza gharama. Mafuta ya aina hizo mbili hayapatani: ukiyachanganya yanalainishana, na ganda linakuwa laini kuliko la kila moja peke yake. Mchanganyiko huo nenda nao kwenye keki.

Imepata weupe

Huu ndio ule "ukungu" wa kwenye picha. Karibu kila mara si ukungu. Weka kidole chenye joto juu ya baka, hesabu hadi kumi. Likiyeyuka na kuacha ulaini wa mafuta, ni mafuta ya kakao yamepanda juu. Likibaki, na unahisi ukavu wa chengachenga kama mchanga mwembamba, ni sukari. Ukitilia shaka, dondosha tone la maji: baka la sukari hugeuka kunata.

Weupe wa mafuta hutokana kwanza na kutopoza kwa hatua, kisha na boksi kupata joto na kupoa mara kwa mara (kabati la juu ya friji, buti la gari), na mwisho na mafuta ya karanga na korosho yenyewe kupenya polepole. Hilo la mwisho halizuiliki. Chovya korosho wiki ya zawadi, usianze Novemba. Korosho mpya huanza kuingia sokoni Oktoba huko Mtwara na Lindi, kwa hiyo Desemba unapata za kutosha.

Weupe wa sukari ni kosa letu la Pwani. Umeitoa trei friji, hewa yenye unyevu ikaikuta baridi, ikatoa jasho kama chupa ya soda, sukari ikayeyuka juu ya ganda na kukaukia hapo. Usiache kutumia friji. Weka trei humo dakika 10 hadi 15, ganda lishike. Kisha, vikiwa bado ndani ya friji, hamishia vipande kwenye kopo kavu na ulifunge. Toa kopo limefungwa na usilifungue kwa saa nzima. Jasho litatokea nje ya kopo.

Weupe wa aina zote mbili hauna madhara kwa mlaji. Zungushia unga wa kakao au nazi iliyokaushwa na kukaangwa kidogo, na hakuna atakayeuliza. Lakini ukiona manyoya, rangi ya kijani au nyeusi, au harufu ya uchachu, hasa pale chokoleti ilipopasuka na kilicho ndani kina majimaji, huo ni ukungu wa kweli. Tupa boksi zima. Usikwangue.

Nzito, inaacha ganda nene na kisigino kikubwa

Mara nyingi imepoa tu: ipitishe juu ya mvuke sekunde tano. Ikiwa joto ni sahihi na bado ni nzito, huenda ulinunua vile vipunje vya kuwekwa kwenye biskuti, vilivyotengenezwa vihifadhi umbo ndani ya tanuri. Nunua ya kipande. Kisigino, yaani lile dimbwi linaloganda chini ya tende, kinakwisha ukigonga uma mara tatu kwenye ukingo wa bakuli na kupitisha tumbo la uma ukingoni kabla ya kuteremsha kwenye karatasi. Kwa ndizi kavu natumia vijiti vya mishikaki.

Ganda linapasuka, linabanduka au linavuja

Tatizo hapa ni kilicho ndani. Uliza kwanza kilikuwa na baridi kiasi gani. Ukichovya biskuti iliyotoka friji, ganda linaganda haraka na kusinyaa, huku biskuti ikipata joto na kutanuka. Nyufa hizo hutokea mbele ya macho yako. Kila cha kuchovya kiwe na joto la chumba.

Kisha unyevu. Stroberi mbichi, nanasi bichi na ndizi mbivu hutoa maji chini ya chokoleti, zikateleza ndani ya ganda lake. Hizo ni za kuliwa siku ileile. Kwa zawadi ya boksi tumia zilizokaushwa. Kashata za nazi mbichi zina tatizo hilohilo, na tena huchacha, kwa hiyo sukari ipikwe hadi ikauke kabisa au ziache. Karanga za barabarani zilizokaangwa kwa maji ya chumvi zirudishe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, kisha zipoe kabisa.

Tende zinataka uangalizi wa peke yake. Nyingi zinazouzwa Kariakoo zimepakwa sharubati zing'ae, na ganda halishiki juu ya utelezi huo. Zipanguse kwa kitambaa chenye uvuguvugu, halafu zikae chini ya feni zaidi ya saa moja. Tende za aina ya Khalas za Oman ni laini na nzuri mdomoni lakini zinalegea. Fardh ni imara zaidi na huchovyeka vizuri. Halafu pasua kila tende. Kila moja. Toa kokwa, ifungue kama kitabu uitazame kwenye mwanga. Ukikuta vumbi jeusi au nyuzinyuzi kama utando, mdudu alikuwamo. Katika kilo moja naweza kukosa kabisa au kupata tatu, na hiyo moja ndiyo itakayoangukia kwa mama mkwe. Weka korosho mahali pa kokwa, ifunge, iminye kidogo, ndipo uchovye.

Ladha au harufu si yake

Chokoleti hunyonya harufu. Ikiwa friji ina dagaa au vitunguu vilivyokatwa, zawadi yako itasimulia. Kopo lenye mfuniko mgumu ndilo dawa.

Uchungu wa karanga ni habari nyingine. Karanga zilizosinyaa, zenye rangi ya ajabu au ladha chungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu, na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi. Kuzifunika kwa chokoleti kunaficha tu ladha iliyokuwa inakuonya. Zimwage, na usimpe hata kuku.

Na kwa kila boksi andika kilichomo: karanga, korosho, maziwa, ngano. Mtu akila na midomo ikaanza kuvimba, akatapika, akapata vipele au akakosa pumzi, hapo hakuna cha kumpa maji anywe muone. Hospitali, mara moja. Karanga na korosho nzima usiwape watoto wadogo, zinakwama kooni, wasagie. Mbwa wa nyumbani asipewe hata kipande, chokoleti ni sumu kwake.

Zimefika zimeyeyuka

Sababu ya kwanza ni buti la basi, ya pili ni boksi la bodaboda linalokaa juani wakati dereva anatafuta nyumba yako. Chokoleti halisi haiwezi kupita Dar hadi Dodoma mchana ndani ya buti, usijidanganye. Kwa safari, chagua kompaundi inayovumilia joto, au tuma kwa basi la usiku. Panga vipande mstari mmoja mmoja na karatasi katikati, funga kopo, liviringishe kwa gazeti, ndipo uliweke ndani ya deli pamoja na chupa za maji yaliyogandishwa. Chupa zisiguse kopo, na kopo lisifunguliwe mpaka lipoteze baridi yake. Mwandikie hivyo mpokeaji juu ya mfuniko kwa kalamu nene, maana ataguna na kufungua palepale stendi.

Ikitokea majirani wanakuagiza boksi 40 kwa malipo, simama kidogo kabla ya kupokea advansi. Chakula cha kuuza Tanzania kipo chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu mwaka 2019, na maofisa wao, pamoja na wale wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani kwako, ndio wa kuulizwa kuhusu jengo, lebo na muda wa bidhaa kukaa. Za kwangu, zenye tende na korosho kavu, naandika wiki mbili, japo kwetu hazijawahi kumaliza siku nne.